Samaki wa Nchi Iliyozama

Mwaka 1970 bwawa la Nyumba ya Mungu lilitoa takriban tani 28,000 za samaki. Lilikuwa bwawa changa. Mto Pangani ulizibwa katikati ya miaka ya 1960, kusini mwa Moshi, chini kidogo ya pale maji ya Kikuletwa na Ruvu yanapokutana, na eneo lote la maji lilikuwa kiasi cha kilomita za mraba 150 hivi. Ukigawa hesabu hiyo unapata karibu tani mbili za samaki kwa kila hekta kwa mwaka mmoja, mavuno ambayo maziwa mengi ya asili ya Afrika hayayakaribii. Wavuvi walihamia kwa wingi, kambi zikaota kandokando ya maji, perege wakabanikwa na kuanikwa kusubiri magari ya kuwapeleka sokoni. Miaka mitano baadaye mavuno yalikuwa yameshuka hadi sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, na hayajawahi kurudi.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba wavuvi walizidi, matundu ya nyavu yakawa madogo, na kokoro likakwangua mazalia. Hayo yalitokea na yaliumiza. Lakini hayaelezi kwa nini mambo yalikwenda hivyohivyo kwenye Ziwa Volta kule Ghana, kwenye Kariba huko Zambezi, na kwenye mabwawa mengine yenye wavuvi, sheria na samaki tofauti kabisa: miaka michache ya neema, kisha mporomoko, kisha utulivu wa kiwango cha chini. Sababu iko ndani zaidi, nayo inafaa ieleweke sasa hivi, kwa kuwa Tanzania ina bwawa jipya kubwa kuliko lolote ililowahi kujenga. Samaki wa mwanzo hawalishwi na bwawa. Wanalishwa na ardhi iliyozama, na ardhi huzama mara moja tu.

Tuanze na ardhi hiyo. Hekta moja ya mbuga ina nyasi, majani makavu, mizizi, vichuguu vya mchwa, samadi ya ng'ombe au ya tembo, majivu ya moto wa kiangazi kilichopita, na udongo wa juu uliojilimbikizia fosforasi na naitrojeni kwa miaka mingi. Maji yanapopanda, chakula cha kwanza hakihitaji hata kuoza: minyoo, panzi, siafu na mchwa wanaoelea wakiwa hai au wamekufa. Kambale hulijua hilo kuliko sisi. Hufuata ukingo wa maji unavyosogea, wakila kwenye maji yasiyofika goti. Siku chache baadaye bakteria huingia kazini, nyasi hulainika, na virutubisho vilivyokuwa vimefungwa ndani ya majani na udongo huachiliwa majini vyote kwa mpigo.

Gharama ya kuoza huko ni oksijeni. Bakteria huitumia kwa kasi kuliko upepo unavyoweza kuirudisha, na katika bwawa lenye kina hali huwa mbaya zaidi kwa sababu maji hujigawa matabaka. Jua hupasha joto maji ya juu, yakawa mepesi, yakabaki juu. Ya chini ni baridi na mazito, na hayapati hewa. Katika giza hilo oksijeni huisha kabisa na mahali pake hujaa haidrojeni salfaidi, hewa yenye harufu ya mayai viza inayoua samaki. Hata hivyo, tabaka hilo lililokufa ndilo linalotengeneza mbolea. Fosforasi ya udongoni kwa kawaida hushikwa na chuma. Oksijeni ikiisha, chuma huyeyuka na kuiachia. Msimu wa baridi unapofika na maji ya juu yakapoa, matabaka huvunjika, maji hupinduka, na fosforasi iliyokusanyika chini hupanda hadi kwenye mwanga. Kariba hupinduka hivyo mara moja kwa mwaka, katikati ya mwaka, majira ya baridi ya kusini.

Kariba ndilo bwawa la kitropiki lililochunguzwa kwa muda mrefu kuliko karibu yote barani, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Mto Zambezi ulifungwa Desemba 1958 na ziwa likajaa mwaka 1963: urefu wa kilomita karibu 280, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 5,000. Watonga wapatao 57,000 waliondolewa kwenye bonde lao ili maji yapite, na hakuna uchambuzi wa samaki wa Kariba unaostahili kuandikwa bila kulitaja hilo. Kabla ya mafuriko, karibu hekta 100,000 za pori zilisafishwa ili nyavu zisinase kwenye miti. Matrekta mawili yalikokota mnyororo mzito wenye tufe kubwa la chuma katikati, miti iking'oka na kulala mbele yake, kisha ikarundikwa na kuchomwa moto. Waliofanya kazi hiyo walikuwa wakiwaandalia wavuvi uwanja. Lakini walikuwa pia wakitandaza majivu, yaani mbolea iliyo tayari, chini ya ziwa ambalo lilikuwa bado halijafika.

Kwenye maji ya namna hiyo uhai huingia kwa zamu, na zamu ya kwanza ni ya wale wanaozaliana haraka. Mwani wa chembe moja hujigawa kwa saa au siku, hivyo rangi ya maji hubadilika kabla jambo lingine halijaonekana. Nyuma yake huja wanyama wadogo mno wanaoelea: kwanza rotifa, ambao kizazi chao ni cha siku chache, kisha dafnia na jamaa zake wanaochuja mwani. Ukingoni, vibuu vya wadudu wanaofanana na mbu wasiouma hujaa kwenye tope laini kwa maelfu katika kila mita ya mraba. Virutubisho vikizidi mno, bakteria wa kijani-buluu hushika nafasi, hasa wale wanaoweza kujitengenezea naitrojeni kutoka hewani, nao wengine wana sumu.

Sehemu ya maji yenye utajiri mkubwa kuliko zote, hata hivyo, ni mti uliokufa umesimama. Anayepita barabara ya Iringa kwenda Dodoma huiona miti ya namna hiyo kwenye bwawa la Mtera, mingi, mikavu, ikiwa na minandi juu ya matawi. Mtu huiona kama uharibifu. Chini ya mstari wa maji, gome limevikwa utando wa mwani wenye utelezi, na perege huja kuuparua kwa meno yao madogo. Ndani ya mbao zenyewe, kwenye Kariba na Volta, aliishi mdudu aitwaye kitaalamu Povilla adusta. Kibuu chake hutoboa mbao, si kwa kuzila bali kwa kujenga: hutengeneza handaki, hulitandika hariri, na kukaa humo akichuja mwani unaopita, na usiku hutoka kula utando wa nje. Akipevuka hupanda juu ya maji akiwa na mbawa, hapati chakula tena, na maisha yake yote ya angani hayazidi saa chache. Kwenye Ziwa Victoria iligunduliwa katika miaka ya 1950 kwamba hutoka kwa makundi karibu na mwezi mpevu. Mtoni mdudu huyu hupata vijiti vichache tu. Bwawa jipya humpa msitu mzima, naye huugeuza kuwa chakula cha samaki kwa kiasi ambacho hakuna aliyekipanga. Ila kila handaki hudhoofisha mti. Baada ya miaka kadhaa shina humegeka pale maji yanapogusa, na makazi yake yote huanguka pamoja nalo.

Kwa samaki, ziwa jipya ni mtihani ambao wengi hushindwa. Wale waliozoea mkondo, wanaopanda mto kutaga mvua zinapoanza, hujikuta kwenye maji yasiyokwenda. Kariba ilianza na ningu wengi wa jamii ya Labeo kwenye nyavu, nao wakapungua haraka na kujibana kwenye midomo ya mito inayoingia. Walioshinda ni perege. Sababu zao ni tatu na zinaungana: wanakula mwani na majani, vitu ambavyo vimejaa, hawahitaji mkondo ili kuzaa, na majike ya jamii ya Oreochromis hubeba mayai mdomoni, na vifaranga wao hupata maficho kwenye nyasi zilizozama, mahali samaki wakubwa hawawezi kuwafuata kwa urahisi. Vizazi viwili au vitatu vya kwanza hukua karibu wote, jambo ambalo halitokei tena baadaye. Nyuma yao huongezeka mlaji wao, yule samaki mwenye meno marefu ambaye watu wa Kigoma humwita kibebe. Kufikia mwaka 1963 Watonga waliohamishwa, wengi wao wakiwa wakulima wasio na uzoefu wa nyavu za ziwani, walikuwa wamekuwa wavuvi wa maelfu ya tani kwa mwaka. Muda mfupi baadaye mavuno ya ukingoni yakaporomoka na wengi wakarudi shambani.

Ushahidi mzuri kuliko wote kwamba ni rutuba iliyokuwa ikiongoza, si nyavu, ni gugu. Salvinia, mmea unaoelea wenye asili ya kusini-mashariki mwa Brazili, ulionekana Kariba Mei 1959, miezi michache tu baada ya mto kufungwa. Mwaka 1962 ulikuwa umefunika takriban kilomita za mraba 1,000, zaidi ya sehemu moja ya tano ya ziwa. Mmea huu hauna mizizi ardhini. Unakula kile tu kilichoyeyuka majini, na ukikipata huongezeka maradufu kwa siku chache. Baada ya hapo ulianza kurudi nyuma wenyewe. Upepo ulisaidia, kwa kuwa ziwa lilikuwa limepanuka na miti iliyokuwa ikiukinga ilikuwa imezama au kuanguka, na panzi aliyeletwa kutoka Amerika Kusini karibu na mwaka 1970 alimalizia sehemu ya kazi. Lakini panzi alikuta mmea ambao tayari ulikuwa umefika kikomo cha chakula chake. Hakuna mvuvi aliyekuwa akivua salvinia. Ulipungua katika miaka ileile ambayo perege wa ukingoni walipungua, kwa njaa ileile.

Rutuba hiyo ilikwenda wapi? Sehemu ilitoka na maji kupitia mitambo na milango ya ukuta. Sehemu ya naitrojeni ilirudi hewani kwa kazi ya bakteria. Fosforasi nyingi ilizama pamoja na mwani uliokufa, na oksijeni ilipoanza kurudi chini, chuma kikaishika tena na tope jipya likaifunika. Sehemu ndogo iliondoka kwenye magunia ya samaki wakavu. Kwa kawaida hatua hii yote huchukua miaka mitano hadi kumi, ikiwa fupi kwenye bwawa ambalo maji yake hubadilika haraka na ndefu kwenye bwawa kubwa. Ni urithi unaotumika bila kujazwa. Tatizo la kisera ni kwamba leseni, mitumbwi, mikopo na hata vijiji hupangwa kwa kuangalia kiasi kinachotumika katika miaka hiyo, kana kwamba kingekuja kila mwaka.

Urithi ukiisha, ziwa huishi kwa kipato cha mwaka, na hapo ndipo kazi ya uchambuzi huwa ngumu na ya kuvutia zaidi. Kariba ilikuwa na maji ya katikati yasiyo na samaki kabisa, kwa sababu samaki wa mto hawakuwahi kuishi mbali na ukingo. Mwaka 1967 na 1968 maelfu ya vifaranga vya mmoja wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, Limnothrissa miodon, walisafirishwa kwa ndege hadi upande wa Zambia. Walishika. Leo huitwa kapenta, na huvuliwa usiku kwa taa na nyavu za kuinua kutoka kwenye majukwaa yanayoelea. Miaka ya mavuno makubwa, kuelekea 1990, walifika karibu tani 30,000 kwa nchi zote mbili zinazopakana na ziwa. Kapenta wa Kariba ni wafupi kuliko ndugu zao wa Tanganyika na hufa wakiwa wachanga, lakini huzaliana upesi kiasi kwamba sehemu kubwa ya kazi ya ziwa lile inapita ndani yao. Walipita hata kwenye ukuta wakashuka Zambezi, na bwawa la Cahora Bassa lilipofungwa Msumbiji mwishoni mwa 1974 walijaa humo bila mtu yeyote kuwapandikiza. Ninachokiona muhimu zaidi ni hiki: mavuno yao hupanda na kushuka kufuatana na kiasi cha maji ya mito yanayoingia mwaka huo. Mito ndiyo mshahara wa ziwa.

Kipato cha pili kinatoka kwenye ukanda unaofunuliwa maji yanaposhuka, na hapa kauli yangu ni ya moja kwa moja: mtu anayeamua kiwango cha maji ya bwawa ana nguvu juu ya samaki kuliko afisa uvuvi. Maji ya Kariba yakishuka, nyasi huota kwenye tope, nyati na tembo hushuka kuzila na kuacha samadi, kisha maji hurudi na kuzamisha vyote. Ni mafuriko ya mwanzo kwa kipimo kidogo, yanayorudiwa kila mwaka. Yakishuka polepole na kurudi kwa wakati, vifaranga hupata chakula na maficho. Yakishuka ghafla, viota vya perege wanaotaga chini ya maji mafupi hubaki juani. Na yasiporudi kwa miaka, kama Kariba ilivyokauka karibu na kikomo cha mitambo mwishoni mwa 2022, ukanda huo hugeuka malisho tu. Mtera nayo, iliyojengwa kuhifadhi maji ya umeme wa Kidatu, imeyaona hayo mara nyingi.

Yapo mabwawa ambayo rutuba haikuisha, na si habari njema. Hartbeespoort, karibu na Pretoria, lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1920 na lilipaswa kuwa limetulia zamani. Badala yake hupokea kila siku maji yaliyotoka kwenye mitambo ya majitaka ya upande wa kaskazini wa Johannesburg. Matokeo yake kwa miongo mingi ni utando mzito wa bakteria wa kijani-buluu na magugumaji, na samaki waliobaki ni wale wanaovumilia. Tofauti ya hali hizi mbili hupotea mara nyingi tunaposema kwa jumla kwamba bwawa lina rutuba. Rutuba ya ardhi iliyozama huja mara moja na kutawanyika katika viumbe vingi. Rutuba ya majitaka na mbolea huja bila kukoma, na mwishowe hulisha kiumbe kimoja.

Kuna uhai mwingine wa ukingoni ambao wapangaji huusahau. Kwenye Ziwa Volta mimea ya majini ilipotanda kandokando, konokono wanaobeba kichocho walipata makazi, na ndani ya miaka michache ugonjwa ukaenea kwa watoto wa vijiji vya wavuvi kwa kiwango ambacho mto haukuwahi kukijua. Neema ya samaki ndiyo iliyowaleta watu pale pale konokono walipo. Kituo cha afya hakina budi kufika pamoja na mtumbwi wa kwanza.

Sasa Rufiji. Tarehe 22 Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa nyuma ya ukuta wa mita 131, likikusudiwa kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30 na kuzalisha megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingiza umeme gridini Februari 2024. Kwa kipimo cha mabwawa mengine, basi, lipo katikati ya miaka ya urithi. Lina kina, kwa hiyo matabaka yanatarajiwa, na maji yasiyo na oksijeni karibu na ukuta ni jambo la kupimwa kila mwezi na si la kukisiwa. Lina perege wa asili, Oreochromis urolepis, ambaye ana kila sifa ya mshindi. Lina pia kibebe wa aina yake, Hydrocynus tanzaniae, asiyepatikana popote duniani isipokuwa katika mito ya Tanzania kama Rufiji na Ruvu (si ule unaoingia Pangani). Kama atafanikiwa ziwani kama binamu yake wa Kariba au atarudi mitoni, ni swali ambalo nyavu za majaribio zinaweza kulijibu sasa na haziwezi kulijibu miaka 20 ijayo.

Zaidi ya hayo, lipo katika nchi ya hifadhi, ambako mtu hafungui kambi ya uvuvi kwa hiari yake. Kariba, Volta na Nyumba ya Mungu hazikuwa hivyo. Kila moja ilivuliwa tangu mwanzo, na hatujui kwa uhakika sehemu gani ya mporomoko ilikuwa ya nyavu na sehemu gani ilikuwa ya njaa. Hapa tunaweza kuutazama mkondo mzima kabla ya kuuingilia. Naiona hiyo kuwa nafasi ya thamani kubwa kwa sayansi ya nchi hii, na ingekuwa hasara kuibadilisha kwa leseni za haraka, au mbaya zaidi, kwa kumwaga sato kutoka Ziwa Victoria kwa nia njema. Pangani tayari imeonyesha mwisho wa njia hiyo: perege wake wa asili, Oreochromis pangani na Oreochromis jipe, wamo katika hatari kubwa ya kutoweka, na wageni walioingizwa ni sehemu ya sababu.

Chini ya ukuta hesabu inakwenda kinyume. Tope ambalo bwawa linalizuia ndilo lililokuwa likirutubisha mabonde ya mpunga, mabwawa madogo ya Rufiji ya chini na mikoko ya delta wanakokulia kamba. Kila tani ya fosforasi inayobaki juu imeondolewa huko.

Na kipato cha mwaka cha bwawa hilo, urithi utakapokwisha, hakitatoka Rufiji yenyewe. Zaidi ya nusu ya maji yake huletwa na Kilombero, mto unaopita kwenye uwanda mpana wa mafuriko, mashamba ya mpunga na miwa, na malisho yaliyopanuka sana. Uwanda huo ukiendelea kufurika, utapeleka chini maji yenye chakula cha kadiri. Ukikauka au ukijaa mbolea, utapeleka njaa au utando wa kijani. Anayetaka kukisia bwawa la Julius Nyerere litakuwa na samaki wangapi mwaka 2040 aweke kituo cha kupima maji pale Ifakara, na akianze mwaka huu.